Bibi Afya Hayuko Peke Yake

Mwanza,
7 Februari 1993

Mke wangu Pelagia,

Mimi nimefika, ila mgongo wangu bado uko kwenye benchi la treni. Chuo si kibaya. Bwenini tunalala wanne, na mmoja anakoroma hivi kwamba usiku wa kwanza niliamka nikidhani niko Kawajense na mama yuko chumba cha pili. Msalimie sana, ila hilo la kukoroma usimwambie.

Najua unasubiri nianze habari za samaki ili upate la kunicheka. Haya, naanza. Hao gapi si mapambo, hata kama pale ofisini wanasema Bwana Afya anafuga maua yenye mapezi. Nikirudi Oktoba nataka wawe wengi wa kutosha, tuwamwage kwenye madimbwi ya mashimo ya matofali wakale viluwiluwi vya mbu, tuone kama malaria haitapungua mtaani. Nimeahidi mbele ya wakubwa wangu. Nikikuta tangi tupu nitaonekana mpuuzi.

Kwa hiyo maji ya kisima yalale kwenye ndoo usiku kucha kabla hujayatia tangini, yapoteze ubaridi. Usibadilishe yote kwa mara moja, chota robo tu. Chakula ni dagaa waliosagwa, kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Mama atasema ni dhambi kumlisha samaki samaki mwenzake. Mwache aseme.

Wa kumwangalia zaidi ni yule jike mkubwa wa kijivu, Bibi Afya. Nakumbuka ulivyoninunia nilipompa jina hilo, eti ndilo mtaa mzima wanalokuita wewe kwa kuwa ni mke wa Bwana Afya. Sasa kosa langu liko wapi, wakati nyote wawili mnanitegemea na nyote wawili mnanipa mgongo nikichelewa kurudi? Huyo amezaa mara mbili na hatukuambulia hata kimoja, ndiyo maana namhofia. Gapi hawatagi mayai, wanazaa. Ukiona lile doa jeusi karibu na mkia limekolea na tumbo limekuwa la pembepembe kama kiberiti, ujue siku zimefika. Mjazie majani ya majini, vitoto vipate pa kujificha, maana akishazaa anageuka na kuvila.

Nilianza kukukumbuka treni haijamaliza hata kona ya kwanza.

Mumeo,
Sylvanus Masele


Kawajense, Mpanda,
28 Machi 1993

Dada Scola,

Tumsifu Yesu Kristo. Hapa sote tu wazima. Huko Usevya natumaini mpunga umeanza kuinamisha vichwa na kifua cha shemeji kimeachia.

Nina jambo, na sina ruhusa ya kulitaja. Mama mkwe amenikalisha jikoni, akanishika mikono, akasema yale mawili yaliyotuponyoka tuliyatangaza mno. La kwanza Sylvanus aliwaandikia ndugu zake wote mpaka Shinyanga, la pili akaandika tena. Karatasi zikatembea, sisi tukabaki mikono mitupu. Safari hii, anasema, neno lenyewe lisiguse karatasi hadi tumelishika mikononi. Nikaapa. Unamjua Mama Nyanzala, ukishamwapia umekwisha.

Basi siliandiki. Nitakuambia tu kwamba tangu Sylvanus aondoke sijaona siku zangu, na asubuhi harufu ya dagaa inanitoa nje mbio. Wewe umezaa sita, huhitaji maelezo zaidi ya hapo.

Shida ni yeye. Nikinyamaza nitakuwa namficha mume wangu jambo lake mwenyewe, nikiandika nimevunja kiapo. Nimetafuta njia, nikaipata tangini. Kuna yule samaki wake aliyempa jina langu la mtaani. Nitamwandikia habari za Bibi Afya. Mtu aliyesoma na aliyelala nami miaka saba hashindwi kuelewa. Niombee, dada. Naogopa hata kucheka kwa nguvu.

Mdogo wako,
Pelagia


Kawajense, Mpanda,
4 Aprili 1993

Mwenzangu Sylvanus,

Barua yako nimeipata, na mama nimemsalimia bila lile la kukoroma. Tafadhali hii uisome ukiwa peke yako, tena taratibu.

Bibi Afya hayuko peke yake. Nimesema Bibi Afya. Alianza hali hiyo mara tu ulipoondoka, nasi hatukuwa na hakika mpaka juzi. Asubuhi hawezi dagaa kabisa. Mchana anajilaza pembeni, jambo ambalo si kawaida yake. Ana hofu, Sylvanus, kwa sababu ya zile mara mbili, ambazo wewe unazijua kuliko mtu yeyote.

Mama anasema tusimseme sana, kwa hiyo siongezi neno. Nijibu upesi, uniambie moyo wako umesemaje.

Wako,
Pelagia


Mwanza,
25 Aprili 1993

Mke wangu,

Barua yako imenifurahisha mpaka nikaisoma kwa sauti mbele ya wenzangu wote bwenini. Mmoja wao baba yake alikuwa na matangi ya samaki Tabora, tukakaa tunamjadili Bibi Afya hadi chai ikapoa. Sikujua kwamba hao samaki wamekuingia moyoni kiasi hicho.

Usiwe na wasiwasi. Kama hataki dagaa, mpe kiini cha yai lililochemshwa, kilichosagwa laini kama unga wa muhogo. Kujilaza pembeni ni dalili njema, anataka utulivu. Watoe madume, uwaweke kwenye beseni peke yao. Yale hayana kazi ila mikia ya rangi na kumkimbiza jike hata akiwa amechoka. Usimhamishe mara kwa mara na wala usimguseguse, wewe una tabia ya kutia mkono. Mimba ya gapi ni kama mwezi mmoja tu, kwa hiyo barua hii ikikufikia atakuwa ameshazaa zamani. Na safari hii ukiona baadhi ni dhaifu, waache wafe au mama yao awale, ndivyo asili ilivyopanga. Atabeba wengine mwezi ujao.

Moyo wangu umesema asante kwa kunitunzia. Masomo yanakwenda, tumefika kwenye vyoo vya shimo.

Mumeo,
Sylvanus


Kawajense, Mpanda,
20 Juni 1993

Sylvanus,

Nimechelewa kujibu. Mahali ulipoandika habari za wale dhaifu sikuweza kupasoma mara ya pili. Nililia, mama yako akaniuliza umeandika nini, nikamwambia umeandika kuhusu vyoo.

Nakupa habari za Bibi Afya, nawe uzisome kwa akili uliyokwenda nayo huko. Bado hajazaa. Mwezi wako mmoja umepita, na mwingine, na mwingine. Kila wiki ya kwanza ya mwezi anakwenda kliniki kwa miguu, mama yako akimfuata nyuma na mwavuli. Kadi yake ya kliniki iko juu ya kabati. Anakula udongo wa kichuguu kwa siri. Gauni la kitenge ulilomnunulia Pasaka ya mwaka juzi halifungi tena ubavuni.

Jumanne iliyopita mkunga aliweka kile kifaa chake cha mbao upande wa kulia, akasikiliza. Akakihamishia kushoto, akasikiliza tena kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaita mwenzake naye asikilize. Wako wawili, Sylvanus. Na usiniandikie kwamba wawili ni wachache.

Yule wa tangini hajambo. Amezaa, nikatia majani kama ulivyosema, nikamtoa mapema kwa chujio la chai, na vitoto vingi vimepona. Umeona ninavyoweza kusema habari zake kwa ufupi?

Pelagia


Mwanza,
9 Julai 1993

Pelagia wangu,

Samaki hawana kadi ya kliniki.

Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa bweni nikisoma, nikafika hapo nikakaa kwenye ngazi. Wenzangu walidhani nina msiba, na nilipotaka kuwaambia nikakumbuka kwamba nami sina ruhusa ya kusema, kwa sababu ghafla nikamwelewa mama. Nimewaambia ni vumbi limeniingia machoni. Huyu wa Tabora hadi leo ananiuliza kama Bibi Afya wetu ameacha kujilaza.

Nimeirudia barua yako ya Aprili. Kila kitu kilikuwemo, nami nikakujibu kwa kiini cha yai. Nisamehe hasa kwa lile la wale dhaifu. Nikilikumbuka nikiwa darasani natamani benchi linimeze. Hakuna dhaifu wa kuachwa hapa. Nawataka wote, hata wakiwa wadogo kama vidole. Nina furaha na nina hofu, na vyote viwili vinaninyima usingizi kwa zamu.

Mkuu wa chuo amenikatalia ruhusa. Anasema mtihani wa mwisho ni Oktoba na anayeondoka kabla anaanza upya mwaka mzima. Nitavumilia, maana mimi sina kazi ngumu kama yako.

Tuheshimu kiapo. Kuanzia leo Bibi Afya ni wewe peke yako. Yule mwingine tumwite wa kijivu. Tukionana tutacheka mpaka mama atoke na mwiko.

Mumeo,
Sylvanus


Kawajense, Mpanda,
1 Agosti 1993

Mwenzangu,

Uliponiomba radhi nilikuwa nimeshakusamehe, ila sikukuandikia haraka ili uhangaike kidogo.

Sasa la kweli. Miguu ya Bibi Afya imevimba, na kichwa kinamuuma asubuhi. Mkunga anasema kwa kuwa ni wawili, na kwa kuwa mambo ya nyuma yanajulikana, asikae mbali. Keshokutwa anaingia wodi ya wazazi, akae huko hadi siku yake. Mama atakuwa anakuja na uji asubuhi na jioni. Nakuandikia hivi bila kuzungukazunguka kwa sababu naogopa, na sina mwingine wa kumwambia kwamba naogopa. Mama naye anaogopa, namsikia akisali kwa Kisukuma akidhani nimelala.

Tangi nimelikabidhi kwa Gelasius wa ofisini kwenu. Alikuja amevaa shati jeupe kama anakwenda kubatizwa, akaandika kila nililosema. Wa kijivu anakaribia tena, doa limekolea. Nimemwonyesha Gelasius, akaniuliza jina lake nani. Nikamwambia aliyempa jina ni wewe.

Pelagia


Mwanza,
17 Agosti 1993

Ndugu Gelasius,

Salaam kwako na kwa wote ofisini. Nimeambiwa kwamba tangi liko mikononi mwako, nami nashukuru. Maji yalale kwanza, usisahau. Madume yabaki kwenye beseni. Majani yawe mengi, na ukiona vitoto vinaelea juu karibu na kioo, wala usivifukuze, vinatafuta hewa.

Sasa nakuja kwa lililo kubwa kuliko hayo, nalo ni Bibi Afya. Hali yake unaijua, umeiona kwa macho. Huyu si wa kuchezea, Gelasius. Zile mara mbili zilizopita nilikuwepo na bado tuliambulia patupu, na safari hii niko mbali. Lolote likimtokea, jema au baya, usingoje barua. Nenda posta siku hiyohiyo upige simu ya maandishi. Nakuamini kama ndugu.

Wako,
S. Masele, Bwana Afya


SIMU YA MAANDISHI
Mpanda, 2 Septemba 1993

SYLVANUS MASELE, CHUONI, MWANZA
BIBI AFYA AMEFARIKI ALFAJIRI BAADA YA KUZAA. WATOTO WAZIMA. POLE SANA. GELASIUS


Ofisi ya Afya, Mpanda,
3 Septemba 1993

Bwana Afya,

Shikamoo. Natumaini simu ya maandishi niliyoituma jana umeipata, kwa kuwa uliagiza nisingoje barua. Hii nafuatisha ili ujue ilivyokuwa, usije ukadhani nilizembea.

Juzi jioni Bibi Afya alikuwa amejibana kwenye pembe ya tangi, doa limekuwa jeusi kabisa, tumbo la pembe kama shemeji alivyonionyesha. Nikataka nimpunguzie uchafu kabla hajazaa. Ile ndoo ya maji yaliyolala, mbuzi wa jirani aliingiza kichwa akanywa. Nikaona nisikose, nikachota ya kisimani yaleyale ya baridi nikamimina. Alizaa usiku, vitoto zaidi ya ishirini, vyote vimejificha kwenye majani. Alfajiri nikamkuta yeye ubavu juu. Bosi, nimeumia. Nimemzika chini ya mpapai, sikumtupa kwa kuku.

Pale posta nilitaka kuandika AMEKUFA. Karani akauliza ni nani huyo, nikamwambia ni Bibi Afya, wa nyumbani kwa bosi wangu. Akaniangalia, akasema basi andika AMEFARIKI, hivyo ndivyo heshima inavyotaka. Nikakubali kwa kuwa ni wako. Karani akatoka nyuma ya kaunta kunipa mkono wa pole na watu wote kwenye mstari wakavua kofia. Nikashangaa kidogo jinsi watu wa Mpanda walivyoanza kupenda samaki.

Vitoto navipa kiini cha yai. Kuhusu shemeji, jana jioni mama alinipa chupa ya chai nimpelekee hospitali, nikaambiwa getini wamemhamishia chumba cha ndani na hawaruhusu watu. Sikuambiwa sababu. Nitakwenda tena kesho.

Mtumishi wako,
Gelasius


Stesheni ya Tabora,
5 Septemba 1993

Shemeji Scola,

Barua hii nampa dereva wa lori anayepitia Mpanda kwenda kuchukua mpunga Kibaoni. Ameahidi kuifikisha Usevya kabla treni yangu haijafika. Nimekaa stesheni, treni ya Mpanda ni keshokutwa.

Sina namna nzuri ya kusema. Pelagia ametutoka. Nimepata simu ya maandishi kutoka kwa Gelasius wa ofisini kwetu. Alijifungua, na alfajiri akafariki. Nimejaribu kupiga simu ya mdomo Mpanda kutwa nzima, laini haikushika. Chuo nimekiacha, mkuu alisema neno la mtihani nami sikumsikiliza.

Gelasius anasema wale wawili ni wazima. Sijui wamezaliwa na uzito gani, sijui nani anawapa maziwa, sijui kama mama ana nguvu ya kuwabeba. Nakuomba utangulie, shemeji. Nyie wa Usevya ndio mtakaojua jinsi ya kumsindikiza kwa kanisa lenu, na wewe ndiwe mwenye damu ya mama yao. Hawa wawili nitawalea, sitawapeleka kwa ndugu hata wakiniambia mwanaume hawezi. Ila sijui hata namna ya kushika shingo ya kichanga.

Alinisamehe kwenye barua na akanicheleweshea jibu ili nihangaike. Nimehangaika, shemeji. Ningependa arudi anicheke kwa hilo.

Sylvanus


Ukumbini, nje ya wodi ya wazazi,
8 Septemba 1993

Pelagia,

Muuguzi mwenye miwani amekubali kukuletea karatasi hii kama nikiacha kuchungulia. Wanaume hawaruhusiwi kuvuka mlango. Mama wamemruhusu, kwa hiyo ukimwona kando yako ujue niko nyuma yake hatua chache, ukutani.

Unaweza kujiuliza nimefikaje. Gelasius alinitumia simu ya maandishi kwamba Bibi Afya amefariki. Nilisafiri kama mzigo. Leo nimeshuka treni namwona Gelasius kwenye jukwaa, amekuja kuchukua mzigo wa ofisi, anatabasamu, anataka kunipokea begi. Nikamshika kola, nikamuuliza umezikwa wapi. Akasema, "Chini ya mpapai, bosi." Nikamuuliza nani aliyeruhusu kukuzika chini ya mpapai. Tukaendelea hivyo mpaka mama muuza vitumbua akaingilia kati. Gelasius akaanza kupiga kelele, "Wa tangini, bosi, wa tangini, shemeji yuko hospitali." Nikakaa chini palepale. Nilicheka, kisha nikalia, na kulia kukanizidi. Watu wakaanza kunipa pole, nikawaambia hapana, nipeni hongera, mke wangu hajafa.

Kisha nikakimbia huku, begi nimemwachia yeye. Mkunga ameniambia uchungu ulianza jana, wewe umechoka, presha imepanda na kushuka, na wa pili amelala vibaya. Hakuniambia zaidi. Kwa hiyo furaha yangu ya stesheni imesimama mlangoni pamoja nami, haijui iingie au ingoje.

Kuna jambo jingine, usikasirike. Scola amefika kwa lori na wanawake watano wa Usevya, wamejifunga vitenge kichwani, wameanza kulia kuanzia getini. Nilikuwa nimewaandikia. Nimewaeleza, lakini wawili kati yao hawaamini mpaka wakuone.

Ukiweza, niandikie neno moja. Lolote.

Sylvanus


Wodini,
siku hiyohiyo, nyuma ya karatasi yako

Sylvanus,

Barua yako mkunga aliniwekea chini ya mto, hakuniruhusu kuisoma hadi kazi iishe. Sasa nimeisoma na mshono unauma kwa kucheka. Kumbe ndiyo ile sauti. Nilikuwa nasukuma nikamsikia Scola nje anaomboleza kwa jina langu la ubatizo, anahesabu wema wangu wote. Nikamwambia mkunga amwendee dada yangu, amwambie anyamaze, marehemu ana kazi.

Wa kwanza ni wa kiume, alikuja upesi na kelele nyingi. Wa pili hakutaka. Mkunga alimgeuza kwa mkono, nikaona dari nyeusi, nikadhani nakwenda kweli, mimi na mtoto. Alipotoka alikuwa wa bluu na kimya. Mama yako alipiga magoti sakafuni, na mimi nilifumba macho kwa sababu kimya kile nakijua, nimeshakisikia mara mbili. Wakamsugua mgongo, wakamnyonya pua kwa mpira. Muda ulikuwa mrefu. Kisha akapiga chafya, Sylvanus, chafya ndogo, na baada ya chafya akalia kwa hasira mpaka mwenzake naye akaanza. Ni wa kike. Ni mdogo, lakini ameshashika ziwa na haliachii.

Mkunga amesema presha inashuka na damu imekatika. Nitapona. Nimemwuliza mara mbili, na mara ya pili akanigombeza.

Mama yako ndiye aliyeniombea kalamu. Amesema niandike sasa, tena waziwazi, kwa herufi kubwa kama nataka. Nimezaa watoto wawili. Watoto wetu, wote wanapumua, nawaona wakati naandika.

Ila sikuandaa chochote. Miezi yote hii sikuthubutu kushona hata kofia. Wa kwanza nimemfunga kwenye kanga niliyokuja nayo na wa pili hana kitu, yuko ndani ya taulo ya hospitali na wanaidai. Vua hilo shati ulilosafiria, mpe muuguzi alilete. Najua lina vumbi la treni. Lilete hivyohivyo.

Mama Kulwa